Feni ya Nyuma

4 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Hujambo? Mimi sijambo. Hii ni barua ya tatu naandika sijapata jibu, lakini sikulaumu, najua kazi imekubana. Hapa hakuna jipya. Paka wa jirani alizaa mwezi uliopita chini ya ngazi zetu, watoto wote weusi isipokuwa mmoja mwenye soksi nyeupe. Daktari amesema kidonda cha kooni kimefunga vizuri. Sauti ndiyo hivyo tena, haitarudi. Juzi nilitaka kumwita muuza maziwa aliyekuwa anapita dirishani, nikafungua mdomo ukatoka upepo mtupu. Hebu fikiria, mimi niliyekuwa nauza makabati na vitanda uwanja mzima ukanisikia bila kipaza sauti! Ikabidi nigonge sufuria kwa kijiko. Akageuka, lakini alinitazama vibaya.

Basi ni hayo tu. Ah, na hii kompyuta uliyoniachia naona inapiga kelele kidogo leo. Usijali.

Baba yako


4 Februari

Baba,

Kelele za namna gani? Inavuma, inakwaruza au inapiga mluzi? Inaanza ukiwasha tu, au mpaka ikae kidogo? Mashine kama hiyo ina feni tatu: moja mbele, moja juu ya prosesa, yaani ubongo wake, na moja nyuma. Weka sikio karibu uniambie ni ipi.

Usiiache hivyo, joto linaua kompyuta. Na ikifa hiyo, sijui tutawasiliana vipi, maana simu huwezi kuongea na ujumbe mfupi unasema herufi huzioni. Zipo programu za kutawala kasi ya feni. Nitakuchagulia moja inayokufaa, lakini kwanza nijue ni feni gani.

Bisibisi


6 Februari

Shemeji,

Wewe muuza soli, bado unapigilia misumari viatu vya watu au umeshapigilia kidole? Nina habari, na ukimwambia mtu nitakuja huko kwenu nikuuze mnadani pamoja na kibanda chako.

Unajua jinsi nilivyokuwa nalalamika kwamba mpwa wako haniandikii. Barua ya hujambo, kimya. Barua ya hujambo tena, kimya. Sasa majuzi nikataja mwishoni, kwa bahati tu, kwamba kompyuta inapiga kelele. Weee! Jibu siku hiyohiyo! Maswali hayo, kama polisi. Nimelisoma mara sijui ngapi.

Tatizo ni moja. Kelele hakuna. Nilikuwa nimetandika taulo bichi juu ya kasha la kompyuta ili likauke, likaziba matundu, ndiyo mashine ikaanza kuvuma. Nikalitoa taulo, ikanyamaza kabisa. Sasa nimwambie? Thubutu! Nimwambie imepona, halafu nikae nasubiri mpaka taulo jingine? Ameniuliza ni feni ipi, nami nitasema ya nyuma, kwa sababu huko nyuma kumeegemea ukuta na hata mimi sijawahi kupaona.

Usinihubirie. Tangu dada yako atutoke nyumba hii ina kikombe kimoja kinachotumika. Zamani nilikuwa walau naongea peke yangu nikipika. Hata huo wazimu mdogo sasa nimenyimwa. Nakaa hapa mezani nikiitazama hii mashine, nikisubiri ile taa ndogo iniambie barua imeingia.

Shemeji yako, mpiga mnada mstaafu


6 Februari

Mwanangu,

Nimesikiliza vizuri sana. Ni ya nyuma. Inapiga mluzi, tena mluzi wa mtu mhuni anayemwita msichana barabarani. Tafadhali nisaidie.

Baba


7 Februari

Baba,

Ya nyuma? Una uhakika?

Haya. Ya nyuma.

Basi tuanze na programu ya kampuni yenyewe iliyotengeneza ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu humo ndani. Ni nzito kidogo lakini inaijua mashine yake. Nimekuwekea njia ya kuipakua hapo chini. Ukishaisakinisha, tafuta palipoandikwa feni, chagua hali ya kimya, kisha unieleze kila unachokiona. Usifupishe.

Bisibisi


10 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Nimempokea mchumba wako wa kwanza. Mwanangu, huyu hafai. Ameingia na mbwembwe: taa nyekundu, taa za bluu, picha ya joka linatema moto. Hajakaa vizuri kaniuliza jina langu kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha akaniomba nijiandikishe. Nilimwomba feni inyamaze, yeye akataka kunibadilishia rangi ya kibodi. Nimemwonyesha mlango. Kutoka nako aligoma, mpaka nilipowasha upya mara mbili ndipo akaondoka.

Mluzi uko palepale.

Yule paka mwenye soksi sasa anatembea. Anafika mpaka mlangoni, ananitazama, anarudi. Wewe unakula vizuri huko?

Baba


11 Februari

Baba,

Umenichekesha. Kweli ana mbwembwe, hata mimi simpendi, lakini nilitaka nikusikie ukimweleza.

Nakula. Kabla sijakuletea wa pili nahitaji kujua mazingira ya mashine, kwa sababu programu ya feni huchaguliwa kulingana na joto la chumba. Kwa hiyo nijibu haya bila kuficha. Asubuhi unaamka saa ngapi? Unawasha kompyuta kabla ya chai au baada? Unakula hapohapo mezani? Dirisha linafunguliwa? Kile kiti cha Mama bado kipo karibu na mashine, au umekihamisha? Na watu pia huongeza joto. Kwa siku wanaingia wangapi chumbani humo?

Bisibisi


11 Februari

Mwanangu,

Sikujua ufundi wa feni una maswali mengi hivi, ila wewe ndiye msomi.

Naamka kabla jua halijatoka, si kwa kupenda. Nawasha kompyuta kabla ya chai. Nakula hapohapo, sahani nikiipakata, kwa sababu nikiweka sahani kwenye meza kubwa ya kulia naiona ile meza yote. Dirisha nafungua mchana. Kiti cha Mama kipo, nimekiwekea mto wake, hakizuii upepo.

Wanaoingia chumbani kwa siku ni mmoja. Ndiye mimi. Na sitoi joto kubwa.

Sasa na mimi niulize, maana mnunuzi ana haki ya kumjua muuzaji. Wewe huko unafanya kazi chumba cha namna gani? Uliniambia mashine, mashine, lakini sijawahi kukiona hata kwa maneno.

Baba


15 Februari

Baba,

Samahani nimechelewa. Swali lako ni dogo lakini nilianza kulijibu nikafuta, nikaanza tena.

Ni ukumbi mrefu usio na dirisha. Kuna makabati ya chuma kila upande, na ndani ya kila kabati mashine zimepangwa kama trei za mikate. Kila mashine ina feni zake, na zote zinavuma pamoja. Tunavaa viziba masikio. Kazi yangu ni kuangalia joto: likipanda mahali naongeza upepo, likishuka napunguza. Zamu nakaa peke yangu. Mwenzangu anapokuja kunipokea tunaonyeshana kidole gumba, kwa sababu kusikilizana haiwezekani, basi naenda nyumbani. Chumba changu kina kitanda, meza na jiko la sahani moja. Mwenye nyumba ni mtu mwema lakini hatuna lugha moja, tunachekeana tu kwenye ngazi. Kuna wiki nikisema neno kwa sauti nashangaa, naona kama si langu.

Haya, tuendelee na feni. Wa pili namwita Mchoraji. Ni programu ya bure, haina mbwembwe, haiulizi jina. Inakupa mchoro: chini joto, pembeni kasi. Unachora mstari wako mwenyewe, joto likiwa hivi feni izunguke hivi. Na kuna sehemu ya kuweka subira, ili feni isikurupuke kila joto likipanda kidogo, isubiri ione kama kweli limepanda. Jaribu, lakini mstari niachie mimi nikupangie.

Bisibisi


16 Februari

Shemeji,

Sijapata usingizi. Nilianza mchezo huu ili mtoto aniandikie, basi ameniandikia. Na alichoandika si cha mchezo. Anakaa ukumbini na viziba masikio, akirudi nyumbani anachekeana na mtu kwenye ngazi. Mimi nilidhani kanisahau kwa sababu ana watu. Kumbe hana hata mmoja.

Ningekuwa na koo langu ningempigia simu sasa hivi nikamwimbia mnada mzima. Alikuwa anaupenda akiwa mdogo, alikuwa akipanda juu ya meza kunipigia nyundo.

Sasa siwezi kuacha. Nikisema feni imepona, yeye naye atabaki na nini? Lakini uongo wangu unaanza kuchakaa. Kila nikielezea mluzi naurudia uleule. Naona ni afadhali nijifunze hii programu kwelikweli, nivute mistari yake huku na huku, ili nipate habari mpya za kumwandikia. Kesho nitaanza.

Shemeji yako


17 Februari

Bisibisi wangu,

Huyu Mchoraji ni kijana wa heshima. Amekaa kimya akisubiri niseme ninachotaka. Huyu ukiniletea nyumbani na mahari sitadai.

Nimesoma kuhusu ukumbi wako. Nimesoma mara nyingi. Sijui fundi mwenzako anaitwa nani, lakini kesho ukimwonyesha kidole gumba, ongeza na cha pili, mwambie hicho ni cha baba yako.

Mluzi bado upo, ila leo umebadilika kidogo, unapiga kwa vipindi. Kesho nitauchora mstari mimi mwenyewe nione. Usiniambie nikuachie. Nimeuza vitu vya watu maisha yangu yote, siwezi kushindwa na mstari.

Baba


18 Februari

Baba,

Nimeonyesha vidole viwili. Mwenzangu alifikiri namwomba zamu mbili!

Mstari usiushushe mpaka chini kabisa. Tafadhali. Ukifika sifuri feni inasimama, na hapo si suala la kelele tena. Niambie kama umesoma hii.

Bisibisi


21 Februari

Baba,

Umesoma?

Paka mwenye soksi ameingia ndani, au bado anaishia mlangoni?

Bisibisi


26 Februari

Baba, niandikie hata neno moja. Niandikie kwamba inapiga mluzi.

Bisibisi


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Samahani nakuandikia ghafla baada ya muda mrefu, najua nimekuwa mtoto mbaya. Baba amenyamaza siku nyingi. Kumpigia haina maana, anapokea nasikia pumzi tu, na sasa hata hapokei. Naomba ufunge kibanda uende ukamwone. Nauli nitarudisha. Nakaa zamuni natazama joto la mashine za watu nisiowajua, kumbe sijui kama baba yangu amekula.

Mpwa wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mtoto mbaya ni yule asiyeuliza, wewe umeuliza. Nauli weka.

Nimefika jana. Baba yako ni mzima, kakonda kidogo. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ndiyo maana hapokei. Na kukuandikia hakuweza, maana hii kompyuta imekuwa na wazimu. Ukiiwasha inaamka vizuri, kimya kabisa, haivumi hata kidogo. Ukikaa kidogo inazimika yenyewe, pwaa, giza.

Nimemkuta mezani. Aliwasha, akaanza kukuandikia kwa kile kidole chake kimoja. Unajua jinsi anavyotafuta herufi. Alifika "Mwanangu Bisibisi, hujambo," ikazimika. Akasubiri ipoe, akawasha, akaanza upya na "Mwanangu Bisibisi." Ikazimika. Nikamuuliza umeanza lini hivi, akaninyooshea vidole, nikaona ni siku zote hizo ulizokuwa unamsubiri. Nikamwambia acha, nipe mimi niandike kwenye simu yangu. Akakataa. Akaandika kwenye karatasi: nikimwambia imeharibika kweli atajua ile nyingine ilikuwa ya uongo.

Sikuelewa, lakini nimekueleza kama ilivyo. Mimi ni mtu wa viatu.

Mjomba


1 Machi

Mjomba,

Asante. Msomee Baba hii, neno kwa neno, na usiongeze lako.

Baba,

Feni ya nyuma ninayo mimi.

Iko hapa mezani kwangu. Niliing'oa siku ile nafungasha, kwa sababu kila mtu alisema huku kuna joto. Niliiunga kwenye waya wa chaji ya simu, inanipepea usoni nikila. Kwenye kasha lako pale nyuma kuna tundu tupu limeegemea ukuta. Siku ya kwanza nilikutajia feni tatu kwa mazoea tu. Uliposema ya nyuma inapiga mluzi, nilikuwa nakula, nikainua macho nikaitazama inazunguka mbele yangu, kimya. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikaelewa kwa nini umesema hivyo, na kicheko kikaisha.

Ningekwambia palepale. Lakini ningekwambia, wewe ungeandika nini tena? Na mimi ningejibu nini? Zile barua zako za hujambo nilizisoma zote, Baba. Nilikuwa nazifungua asubuhi, nazifungua tena nikitoka kazini. Sikujua nijibu nini. Nikisema sijambo nakudanganya. Nikisema nimechoka na upweke, wewe huna hata sauti ya kunibembeleza, utakaa hapo mezani na maneno yangu peke yako. Lakini feni naijua. Ukiniuliza feni nina cha kusema. Kwa hiyo nikamwomba Mungu hiyo feni isipone, na nikawa nakuuliza kuhusu kiti cha Mama na kujifanya napima joto.

Najua ulichofanya. Umeuvuta mstari mpaka chini. Feni ya prosesa imesimama, na ya nyuma ya kutoa joto nje haipo, mashine inajizima ili isiungue. Ningeweza kumwelekeza Mjomba kwa simu, ni kazi ya kuusukuma mstari juu, basi. Simwelekezi. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja na feni.

Bisibisi


14 Machi

Mwanangu Bisibisi,

Umeondoka jana na leo nimeamka kabla ya jua kama kawaida. Vikombe viwili viko pale kwenye kichanja, sijaviondoa. Meza kubwa bado ina makombo ya mkate wako. Nimemwachia paka mwenye soksi, ambaye sasa anaingia kama nyumba ni yake.

Sikupata nafasi ya kukwambia ulipokuwa hapa, maana kuandika kwenye karatasi huku unanitazama naona aibu. Miaka yote ya mnada niliuza vitu vibovu, vitu vya marehemu, saa zisizotembea. Lakini sijawahi kuuza kitu ambacho hakipo mezani. Wewe peke yako ndiye niliyekuuzia feni isiyokuwepo, na ukanunua, tena bila kunipunja. Mjomba wako alicheka mpaka akaniomba maji.

Sasa sikiliza, na safari hii naapa. Ile feni uliyoirudisha kwenye tundu lake, inapiga mluzi. Kweli kabisa! Labda imechoka, labda imezoea kumpepea mtu. Ilianza jana ulipofunga mlango. Usiniletee programu. Mchoraji yupo, mstari ulionichorea upo, na najua mahali pa kuugusa ili ipungue kasi inyamaze.

Nimeiacha ilie.

Kwa hiyo barua hii haina kitu cha kutengeneza. Ukikosa la kujibu usijilazimishe. Nauliza tu, hujambo?

Baba yako


14 Machi

Baba,

Sijambo nusu. Mezani kwangu umebaki ule waya mtupu, na kuna joto. Nimefungua dirisha. Mwenye nyumba alinichekea kwenye ngazi, nikamwonyesha vidole viwili, akanijibu kwa viwili, sijui alielewa nini. Nimekula mkate na mayai. Sijaongea na mtu tangu nishuke kwenye basi. Ila sasa naongea.

Na wewe, hujambo?

Bisibisi